Ushauri: Kaka zangu wanataka kuweka dari nyumbani Mbeya, mimi naililia sauti ya mvua

Binti wa Isanga

Wakuu, habari za jioni. Najua wengine mtacheka. Chekeni, ila mkimaliza mniachie ushauri.

Mimi ni mzaliwa wa Mbeya, pale Isanga, kwa sasa niko Dar, Mbagala, mwaka wa kumi na moja huu. Nyumbani amebaki mama na mjukuu mmoja. Nyumba aliijenga marehemu baba mwaka 1986 akiwa mfanyakazi wa reli: vyumba vitatu na sebule, tofali za kuchoma, bati juu, dari hakuna. Ukilala chali unaona kenchi, unaona papi, unaona na kitundu cha mwanga pale fundi alipokosea msumari.

Kaka zangu wawili wamechanga, wanataka kuweka dari ya jipsam nyumba nzima kabla mvua hazijaanza mwezi wa kumi na moja. Mimi natakiwa nitoe laki nane. Pesa ninayo. Ila roho inagoma.

Mliokulia kule mtanielewa. Mvua ya kwetu si kama hii ya Dar, inayokuja na kishindo halafu saa hiyo hiyo jua linawaka. Ya kwetu inaanza mchana, ukungu umeshashuka Loleza huoni hata minara, inapiga, inapunguza, inapiga tena, mnalala inanyesha, mnaamka inanyesha. Sisi watoto wanne tulilala chumba cha nyuma, kitanda kimoja, blanketi moja zito la kijivu. Kwenye bati unasikia kwanza moja moja, ta, ta, halafu inakuja yote kwa pamoja kutokea upande wa mlimani, na hapo humsikii hata uliyelala naye bega kwa bega. Mlikuwa mnagombania blanketi? Ugomvi umeisha. Kaka mkubwa anasimulia hadithi kwa kupiga kelele, tunaambulia nusu, nusu nyingine tunajazia wenyewe. Asubuhi unatoka na sweta la shule linanuka moshi kwa sababu lilianikwa juu ya jiko, na tope la Isanga linakuvua kiatu njiani.

Jipsam ikipanda, hiyo sauti basi tena. Nimewaambia kwenye kundi la familia, kaka kanijibu kwa kicheko tu. Sasa naomba ushauri: nitoe pesa ninyamaze, au na mimi nina haki ya kukataa? Nawasilisha.

Nyundo 7

Dada, wewe unalala Mbagala na feni, mama analala Isanga. Mwezi wa saba usiku huko joto linashuka chini ya nyuzi kumi. Toa laki nane.

Kijana wa Mwanjelwa

Nyundo kashaua uzi mapema, haya tuufufue.

Binti, umenikumbusha kumbikumbi. Mvua ya kwanza ya Novemba, kesho yake jioni wanatoka ardhini kama moshi. Tunaweka beseni la maji chini ya taa ya nje, wanadondokea humo, bibi anawakaanga bila mafuta, chumvi kidogo tu. Na uyoga! Unaletwa umefungwa kwenye majani, bado una udongo. Leo nikimsimulia mke wangu habari za kumbikumbi ananitazama kama mchawi. Yeye ni wa Tanga.

Kuhusu dari sina ushauri, mimi mwenyewe nimepanga.

Mhehe wa Ipogolo

Kamwene. Kwetu Iringa masika maana yake ulanzi, pombe ya mianzi. Mianzi michanga inakatwa ncha, inafungwa mbeta, kile kikopo cha mwanzi cha kukingia, asubuhi na jioni mtu anapita kukinga. Ule wa siku hiyo hiyo ni mtogwa, hata mtoto anapewa. Ukilala unakuwa mkangafu, na hapo ndipo watu wazima huanza kusahau njia ya nyumbani, na njia yenyewe imejaa utelezi. Mvua zikikatika na ulanzi umekatika. Dada, yako ni sauti, yangu ni hiyo, na mimi daktari ameshanikataza. Kila mtu na msiba wake.

Fundi Paa

Naomba niseme kama fundi, nimeezeka Mbeya na Rungwe miaka kumi na tisa.

Mnabishana kuhusu dari wakati swali ni bati. Nyumba ya 1986 kama haijawahi kuezekwa upya, misumari yake mingi imeshalegea. Mbao inakauka, msumari unapanda, raba yake inakatika, maji yanaingia kidogo kidogo. Bila dari unaona tone, unaweka beseni, maisha yanaendelea. Sasa weka jipsam chini ya bati linalovuja: mvua ya kwanza unapata duara la rangi ya chai, ya tano ubao umelainika, Februari kipande kinakudondokea kitandani. Nimeitwa kwenye kazi za hivyo mara nyingi, na kila mara wanamlaumu aliyeweka dari.

Kwa hiyo mtu apande kwanza. Akague msumari mmoja mmoja, abadilishe, aangalie papi kama hazijaliwa na mchwa. Ndipo mpige blandaring, zile mbao za kushikilia dari, ndipo jipsam. Na muwahi, maana Oktoba fundi wa maana Mbeya ana foleni.

Sauti haifi yote. Inapungua. Ile mvua kubwa ya Februari utaisikia, ila utaona kama inanyesha kwa jirani.

Mwalimu wa Ramani

Fundi kanena. Niongeze la darasani kidogo, mnisamehe.

Binti hajadanganya, mvua hizi ni tofauti kweli. Pwani wana misimu miwili, vuli na masika. Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Rungwe unajivuta mpaka Mei. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na linapata karibu milimita 900 kwa mwaka. Tukuyu, kilomita 70 tu kutoka hapo, wanapita 2,000, kwa sababu hewa yenye unyevu inatoka Ziwa Nyasa, inapandishwa na milima, inapoa, inamwaga mzigo wote pale.

Ila tusiipambe sana. Aprili 2024 udongo wa Mlima Kawetele uliporomoka pale Itezi ukafukia nyumba za watu, mvua hiyo hiyo tunayoisifia hapa. Wa Isanga mnaokaa karibu na milima, mkiwa na hela ya dari muwe na hela ya kuzibua mitaro pia.

Mama Tukuyu

Ati 900. Kwetu hayo ni manyunyu.

Sisi kifuku kikikaza, nguo zinakaa kwenye kamba siku nne na bado unazivaa mbichi. Tunakula magimbi na chai asubuhi, mchana ndizi, jioni tunaulizana kama jua bado lipo.

Sasa binti yangu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Kaka wamo, marehemu baba yumo, blanketi limo, hata tope limo. Mama ndiye mwenye nyumba na hajasema neno hata moja. Umemuuliza?

Nyundo 7

Hapo sasa.

Binti wa Isanga

Mama Tukuyu, nilisoma ujumbe wako nikaona aibu. Nilikuwa sijamuuliza. Kaka nao hawakumuuliza, walimtaarifu.

Nimempigia jana saa mbili usiku. Nikamwambia mama, wakikuwekea dari hutaisikia tena mvua kama zamani. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaanza kunitajia matone. Lilikuwepo moja juu ya kabati la vyombo, moja mlangoni, mawili sebuleni, na moja juu ya kitanda chetu, upande wa miguu. Anayajua kwa mpangilio mpaka leo. Kila moja lina chombo chake: sufuria la ugali, beseni la bluu, ndoo ya kudekia. Baba akiwa zamu ya usiku, mvua ikianza, mama anaamka anayazungukia yote. La kitandani kwetu alikuwa haweki beseni, anasema tungelipiga teke. Alikuwa anakisukuma kitanda mpaka ukutani, na sisi wanne juu yake.

Wakuu, mimi nilikuwa naamka nakuta kitanda kimesogea. Miaka yote nimeamini ni kaka anakisukuma kwa miguu usingizini. Tumempiga kwa ajili hiyo.

Nikamuuliza sasa dari unaitaka au huitaki. Akasema anaitaka, na waanze chumbani kwake, kwa sababu magoti yanamuuma mwezi wa sita na wa saba. Ila kama angeulizwa mapema, angetaja kwanza gata na simtanki. Maji ya bati ndiyo aliyofulia nepi zetu, na hadi leo anakinga kwa ndoo, anatoka nje kwenye baridi na kanga kichwani. Hilo hakuna aliyeliwaza kati yetu watatu.

Chumba cha nyuma kasema kisiguswe kwanza. "Njoo ulale humo Februari, si kuja Desemba siku nne na kuondoka. Ukiamka uniambie kama bado unaitaka hiyo kelele."

Fundi Paa

Mama kanyoosha. Chumba kimoja kubaki bila dari hakina shida, ila mzibe vizuri juu ya ukuta unaokitenganisha na vyumba vingine, la sivyo baridi na panya vitapita hapo kwenda kwenye jipsam. Gata ifungwe na mteremko, nimekuta nyingi zimelazwa sawasawa kama reli, maji yanasimama yanazalisha mbu. Na misumari, msisahau misumari.

Kijana wa Mwanjelwa

Februari mwishoni mahindi mabichi yanaanza. Hapo umelenga.

Ila kaka yako muombe radhi.

Binti wa Isanga

Nimemuomba. Kasema anadai fidia ya mbuzi mmoja.

Laki nane nimetuma leo asubuhi, na ya gata nimeongeza juu. Fundi anapanda Jumamosi kukagua misumari. Likizo nimeomba wiki mbili za mwisho za Februari, naenda na mwanangu wa miaka sita, ruhusa ya shule nitajua cha kumwambia mwalimu wake. Hajawahi kufika Mbeya msimu wa mvua. Ameuliza kama kule kuna radi, nikamwambia zipo. Ameuliza zinapiga wapi.

Ndaga fijo, asante sana, Mama Tukuyu.

Mama Tukuyu

Mnunulie buti hukohuko Dar kabla hujapanda basi. Mkifika mvua imeshachanganya, Mwanjelwa watakuuzia bei wanayotaka wao.