Mshahara wa askari nchi kwa nchi: tulinganishe nini hasa?

Mdadisi
Wakuu, nataka kuelewa kwa nini nchi moja inapandisha malipo na watu wanajiandikisha kwa wingi, nyingine inapandisha na vijana hawaji. Nikibadilisha mishahara yote kuwa dola na kuipanga, picha haieleweki. Nahesabu vibaya wapi?

Kombania B
Dola ndiyo inayokupoteza. Kijana anayefikiria kusaini mkataba wa jeshi hupima malipo kwa kile ambacho angepata uraiani, katika mkoa wake. Urusi mwaka 2024 mshahara wa wastani ulikuwa kama rubli 88,000 kwa mwezi, na askari wa mkataba aliyeko vitani alianzia takriban 210,000. Mikoa maskini tofauti ni kubwa zaidi, na ndiko wengi wanakotoka.

Halafu tenga mshahara wa msingi na posho ya hatari. Marekani, kuanzia Aprili 2025, askari wa cheo cha chini kabisa aliyemaliza miezi minne alilipwa dola 2,319 kwa mwezi, hata akiwa kambini kwa amani. Posho ya eneo la hatari ni dola 7.50 kwa siku, isizidi 225 kwa mwezi, pamoja na msamaha wa kodi ya mapato akiwa eneo la vita. Ukraine mwaka 2025 ilikuwa kinyume: msingi kama hryvnia 20,000 (hryvnia ni sarafu yao), ila aliye mstari wa mbele aliongezewa hadi 100,000 kwa mwezi, kulingana na siku alizokuwa huko. Ukiandika namba moja tu kwa kila nchi, jedwali lako halifai kitu.

Karani wa Malipo
Hapo Ukraine kuna tatizo ambalo wengi hawalioni. Zile 100,000 zinahitaji amri ya mapigano, kumbukumbu za kikosi na ripoti ya kamanda. Karatasi moja ikikosekana, malipo yanakwama. Na kikosi kikirudishwa nyuma kupumzika, kipato kinaanguka ghafla huku familia imeshazoea kiwango cha juu. Habari hizo humfikia jirani anayefikiria kujiunga, na zinamkatisha tamaa kuliko tangazo lolote linavyomvuta.

Usisahau malipo ya kifo. Marekani hutoa dola 100,000 papo hapo, na bima ya maisha inafika 500,000. Ukraine imeahidi familia hryvnia milioni 15, lakini sehemu ya tano ndiyo hutangulia, iliyobaki huja kidogokidogo kila mwezi.

Msoma Historia
Pesa ya kusaini ndiyo inayovuta haraka, na ndiyo yenye madhara mengi. Urusi ilishindwa kupata watu wa kutosha kwa mkataba mwaka 2022, ikawaita 300,000 kwa lazima Septemba. Baadaye ikachagua kununua: Julai 2024 jiji la Moscow lilitangaza rubli milioni 1.9 kwa anayesaini, na serikali kuu ikapandisha sehemu yake kutoka 195,000 hadi 400,000. Matokeo yake, mikoa ikaanza kushindana. Mtu anaacha mkoa wake na kwenda kusaini kwingine, na mwenye subira anangoja dau lipande tena.

Marekani iliyaona haya katika vita vyake vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865. Walikuwepo waliochukua pesa ya kujiandikisha, wakatoroka, wakajiandikisha mji mwingine kwa jina jipya.

Hata mshahara mnono una kikomo. Katika Vita Kuu ya Kwanza Mwaustralia alilipwa shilingi 6 kwa siku, Mwingereza shilingi 1 mwanzoni. Australia ilijaa watu wa kujitolea mwaka 1915. Orodha za waliokufa zilipozidi kurefuka, idadi ikashuka sana na shilingi zilikuwa zilezile.

Mdadisi
Basi si wangelipa kwa awamu kuzuia watoro?

Kombania B
Awamu zinalinda hazina, ila zinapunguza mvuto. Ukraine ilijaribu Februari 2025 kwa vijana wa miaka 18 hadi 24: hryvnia milioni moja kwa mwaka mmoja, 200,000 mwanzoni na 800,000 wakati wa utumishi. Miezi kama miwili ya kwanza waliosaini hawakufika 500. Umri wa kuitwa kwa lazima ni 25, kwa hiyo ofa ile ilishindana na kubaki nyumbani kihalali. Na askari wenye umri mkubwa zaidi, walioko vitani tangu 2022 bila kupewa milioni hiyo, walinung'unika waziwazi.