Kinanda cha mabomba au cha kidijitali kwa kanisa la pwani?

MwalimuWaKwaya: Bwana asifiwe wapendwa. Kanisa letu liko karibu kabisa na bahari. Wamisionari walituachia kinanda cha mabomba: kibodi mbili, pedali za miguu, rejista nane (safu za mabomba, kila safu na sauti yake). Rejista ya tarumbeta imenyamaza karibu yote, na kuna noti moja ukishaibonyeza haikatiki mpaka tuzime feni ya upepo. Wazee wamegawanyika. Wengine wanataka tukikarabati, wengine tununue cha kidijitali. Bei tumeshaletewa, ninachotaka kujua ni kila kimoja kitatudai nini baada ya miaka kumi.

Fundi_Ujerumani: Amina, mwalimu. Nafanya kazi kwenye karakana ya vinanda huku Ujerumani. Hayo mawili uliyotaja ni maradhi madogo. Noti isiyokatika mara nyingi ni vumbi lililokaa chini ya kifuniko cha ngozi kinachoachia upepo, ndani ya sanduku la upepo lililobeba mabomba, au mbao zimevimba kwa unyevu, kifuniko hakirudi mahali pake. Tarumbeta nazo zina ulimi mwembamba wa shaba. Punje ya uchafu ikiingia chini yake, bomba linakuwa bubu. Chomoa bomba taratibu, pitisha kipande cha karatasi nyembamba safi chini ya ulimi, kisha kivute polepole. Usiuguse ulimi kwa vidole, maana ukinyooka mkunjo wake sauti haitarudi ilivyokuwa.

Cha kuogopa ni ngozi ya mvukuto, ule mfuko wa mikunjo unaotunza upepo wa kinanda. Ngozi nzuri hudumu miaka 40 hata 60. Tazama kwenye pembe za mikunjo: ukisugua kidogo ikatoka unga mwekundu, imekufa, na hapo ndipo gharama ilipo.

AltoWaMoshi: Mwalimu, mimi natetea kidijitali. Wapigaji wetu wanafanya mazoezi usiku kwa vipokea sauti vya masikioni bila kusumbua mtu, na wimbo ukiwa juu mno kwa waumini unaushusha kwa kitufe. Hakuna kutyuni, yaani kulinganisha sauti. Ila umeme ulipanda ghafla siku moja, bodi ya umeme ya ndani ikaungua, na waliotuuzia wakasema modeli ile haitengenezwi tena. Kinanda kizima, kabati lake zuri la mbao, kikalala kwa sababu ya bodi moja.

FundiSauti: Dada AltoWaMoshi amegusa penyewe. Na hewa ya chumvi inakula bodi vilevile. Jambo jingine watu hulisahau, spika. Noti ya chini kabisa ya pedali ya futi 16 (sauti ya bomba la urefu wa futi 16 hivi) ni takriban Hz 33, yaani mitetemo 33 kwa sekunde. Spika za mahubiri hazifiki huko. Waumini watasikia mlio mkavu usio na kifua. Mkinunua cha kidijitali, wekeni fungu la spika za besi na kifaa cha kulinda umeme tangu mwanzo.

Fundi_Ujerumani: Kweli kabisa. Ubora wa mabomba ni kwamba kila kipande kinafunguka na kinatengenezeka kwa mkono. Kinanda kikuu cha kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, kina mabomba karibu 8,000. Moto wa 2019 haukukichoma, lakini kilijaa vumbi la risasi. Kilifumuliwa, kikasafishwa, kikarudishwa, mafundi wakakityuni usiku kanisa likiwa kimya, na Desemba 2024 kikaimba tena. Kule Sion, Uswisi, kuna kinanda chenye mabomba ya karne ya 15 ambacho bado kinapigwa.

MwalimuWaKwaya: Asanteni sana. Mbona asubuhi kinanda kinalingana vizuri, ibada ya pili tarumbeta chache zilizobaki zinapingana na nyingine zote?

Fundi_Ujerumani: Ni joto. Mabomba ya filimbi, yale yasiyo na ulimi, hupanda sauti hewa ikipata joto. Yenye ulimi hayabadiliki sana. Likiongezeka digrii nane, filimbi hupanda karibu robo ya nusu-toni, na kila sikio litajua. Kwa hiyo tyuni kwenye joto lile lile la ibada, na usogeze tarumbeta zifuate filimbi. Kiyoyozi cha kuwashwa Jumapili peke yake msifunge: mbao zikikauka leo na kulowa kesho, sanduku la upepo hupasuka.

Ushauri wangu: ngozi ikiwa nzima, karabatini, na kijana mmoja wa kwaya akae na fundi kazi nzima mpaka ajue kufungua kila kitu. Ngozi ikiwa imekufa na hakuna wa kujifunza, nunueni cha kidijitali, ila mabomba msiyauze kama vyuma chakavu.

MwalimuWaKwaya: Nimeelewa, ndugu. Jumamosi tunafungua mlango wa nyuma wa kinanda, nitaweka picha za pembe za mvukuto hapa.

FundiSauti: Piga picha na mabomba ya mbao kwa ndani, ukimulika tochi kuelekea chini. Mchwa huanzia pale yanaposimama.