Kikundi: Harusi ya Hamad, Nansio

JUMATATU

20:14 Zuwena: Assalaam alaykum. Majibu yamekuja, nikaha ni Ijumaa ya wiki ijayo baada ya sala, Nansio, kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. Sie wa Pemba watu 11. Tuamue leo tunafikaje. Bibi anakwenda, kasema mwenyewe, kwa hiyo tupange kwa kumtazama yeye.

20:15 Ami Kombo: Waalaykum salaam. Hapa hakuna la kuamua. Nachukua Noah yangu, tunaipakia melini mpaka Dar, tunaendesha mpaka Mwanza, tunapita darajani, tushafika.

20:16 Rukia: Ami, daraja gani hilo la kwenda kisiwani? 😂

20:17 Ami Kombo: Lile jipya alilofungua Rais. Hamkuliona kwenye TV?

20:21 Hamad: Ami shikamoo. Lile ni la Kigongo–Busisi, limefunguliwa Juni 2025, urefu wake kilomita 3. Lakini linakwenda Sengerema na Geita. Ukilipita ushatupa mgongo. Ukerewe haina daraja, lazima upande chombo.

20:22 Ami Kombo: Marahaba. Kumbe.

20:22 Rukia: Ami angetufikisha Bukoba harusi imekwisha

20:25 Mjomba Shaame: Shemeji, na hiyo Noah ya namba za Zanzibar, kuiingiza bara kuna karatasi za forodha. Halafu Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100. Iache Wete ipumzike.

20:26 Ami Kombo: Haya. Noah inabaki. Lakini mizigo je? Kuna mkoba wa bibi harusi, kuna mikeka, kuna ndoo mbili za halua.

20:28 Zuwena: Mizigo na vijana basi kutoka Dar. Bibi, Shangazi Time, mimi na Mjomba tunapanda ndege Dar mpaka Mwanza. Mwanza Hamad atukodie Coaster. Hapo ndo penye kazi: toka Mwanza mpaka kwako Hamad, tuelezee vizuri, watu hawajui.

20:41 Hamad: Njia ziko mbili.

Ya kwanza, meli ya moja kwa moja kutoka Mwanza mjini mpaka Nansio. Kama saa tatu hivi majini. Fikirieni Mkoani mpaka Unguja kwa boti, ni huko huko. Mnashuka bandarini Nansio, kwangu ni kwa bodaboda tu.

Ya pili ni kuzunguka kwa gari. Mnatoka Mwanza, Magu, Lamadi, mpaka Bunda. Bunda mnakata kushoto, Bulamba, Kibara, mpaka Kisorya. Hapo ndo kuna kivuko, mnapanda na gari lenu, mnavuka mlango mwembamba wa maji, mnatokea Rugezi, ambako ni Ukerewe tayari. Rugezi mpaka Nansio ni mwendo mfupi. Majini kidogo sana, lakini barabarani ni zaidi ya kilomita 200 kabla hamjakiona hicho kivuko. Na cha kuchekesha, mnaanzia mkoa wa Mwanza, mnapita Simiyu, mnaingia Mara, halafu mnavuka maji mnarudi mkoa wa Mwanza huo huo.

20:43 Rukia: Mtu anazunguka mikoa mitatu kwenda kwa jirani

20:44 Hamad: Ndo ziwa hilo. Kwa maji karibu, kwa nchi kavu mbali.

20:47 Shangazi Time: Hamad mwanangu, hicho kivuko si ndo kile kilichopinduka?

20:50 Hamad: Hapana Shangazi. Kile kilikuwa MV Nyerere, Septemba 2018, kilikuwa kinatoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, upande mwengine kabisa. Kimetengenezwa kubeba watu 101, wakafa zaidi ya 220. Sitawaficha. Lakini sie hatuendi Ukara.

20:51 Shangazi Time: Inna lillahi. Mie mwenzenu moyo ushaanza kwenda mbio.

20:53 Zuwena: Naomba hapa tuandike tu, msitume sauti, Bibi asisikie. Mnajua tangu ule msiba wa meli wa 2011 uliomchukua baba yake Hamad, Bibi hatujamtia chomboni tena. Hata alipokwenda spitali Unguja tulimkatia ndege. Mie naona njia ya gari. Majini apite kidogo tu, afumbe macho, tushafika.

20:54 Ami Kombo: Hapo nimekubali. Gari.

20:54 Shangazi Time: Gari, gari. Mama hawezi meli.

20:55 Rukia: Gari ✋

20:58 Mjomba Shaame: Mie sipingi, ila niseme la ubaharia. Ziwa lile si la kulidharau kwa kuwa maji yake hayana chumvi. Halina kupwa wala kujaa, hilo kweli, lakini wimbi lake fupi na linakuja haraka haraka, si kama huku tunakopanda wimbi refu la kusi likakushusha taratibu. Na dhoruba zake nyingi ni za usiku na alfajiri. Njia yoyote mtakayochagua, vukeni mchana.

21:00 Hamad: Mjomba kamaliza. Na kwa wa gari, Kisorya msifike magharibi. Kivuko kikilala mnalala na nyie.

21:03 Ami Kombo: Na gari likiingia kivukoni sie tunakaa ndani?

21:05 Hamad: Hapana Ami. Abiria wote mnashuka, mnapanda kwa miguu. Dereva peke yake ndo anaingiza gari. Kila mtu awe na kitambulisho chake mkononi, si ndani ya begi juu ya keria. Mwaka jana jamaa walikuja wakafungua mizigo yote foleni nzima inawatazama.

21:07 Zuwena: Na la kiuguzi kabla sijasahau. Watoto wasiingie ziwani hata vidole vya miguu. Kichocho kipo. Sie Wapemba kichocho tunakijua cha mkojo, cha huko ni cha tumbo, lakini vyote vinatokana na konokono wa majini.

21:08 Hamad: Na mamba.

21:08 Shangazi Time: Hamad!!

21:09 Hamad: Nimesema tu Shangazi. Sokoni hakuna mamba. Kuna sato, sangara, na machungwa mtakula mpaka mseme basi. Chukueni na kitu cha kujifunika, huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, jioni kuna kibaridi.

21:12 Ami Kombo: Kisiwa chenyewe kikubwa au kama Kojani?

21:13 Hamad: Ami, ndicho kikubwa kuliko vyote ndani ya ziwa, kilomita za mraba kama 530. Chukua Pemba uikate kati. Na wilaya nzima ina visiwa 38.

21:14 Zuwena: Basi tumekubaliana, gari, Bunda, Kisorya. Hamad kodi Coaster.

21:36 Bi Mize: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:19)

21:39 Rukia: Jamani

21:39 Rukia: Kuna mtu kaisikiliza?

21:44 Zuwena: Naiandika kama alivyosema, walio kazini wasome.

"Abdalla kanisomea yote, toka juu mpaka chini. Mnaandika msitume sauti Bibi asisikie. Haya, nshasikia. Tangu lini mie nkasema naogopa chombo? Ile ndege mlinipandisha nyie. Tiketi mmekata nyie, mkaja mkanambia Bibi twende, nikenda. Hamkuniuliza. Mie kinachonimaliza ni gari. Toka usichana wangu, Chake na Wete tu, nafika kigegezi kishanishika, sijui hata mlango uko wapi. Leo mnataka kunitia garini siku nzima, ati ndo mnanihurumia. Mie na hiyo meli ya saa tatu. Na hapa Mkoani vilevile napanda boti, sitaki ndege. Nkifika Nungwi nimsomee mwanangu Fatiha. Miaka yote hii mnanipitisha mawinguni."

22:10 Ami Kombo: Mama shikamoo. Tuwie radhi.

22:11 Bi Mize: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:04)

22:12 Zuwena: Kasema marahaba, na Abdalla apewe soda.

22:13 Rukia: Abdalla katuuza wote 😂

22:15 Mjomba Shaame: Bi Mize mie nitakuwa naye melini. Tutakaa katikati ya chombo, si mbele kwenye omo, pale ndo panaporuka. Na kitu cha kwanza tukipanda nitauliza maboya yako wapi, kisha ndo tutafute viti. Kazi yangu miaka 30 ndo hiyo.

22:16 Zuwena: Na mie. Shangazi Time na wewe njoo, tuwe wanne.

22:24 Zuwena: Shangazi?

22:25 Shangazi Time: Mie ntakwenda na gari.

22:26 Rukia: Ahaa. Kumbe asiyeweza meli alikuwa nani?

22:26 Shangazi Time: Rukia kalale.

22:28 Ami Kombo: Basi mie ndo mkuu wa msafara wa gari. Watu wanane na halua.

JUMATANO YA WIKI ILIYOFUATA

10:52 Zuwena: Tushapita Nungwi. Bibi alisimama dirishani tangu Tumbatu haijaonekana. Kasoma, kakaa, kaomba chai. Bahari shwari.

10:53 Hamad: Allah amrehemu baba. Ahsante dada.

10:58 Mama Hamad: Amin.

ALHAMISI

06:20 Ami Kombo: Msafara wa gari umeondoka Mwanza. Dereva kijana mzuri, anajua njia.

07:31 Ami Kombo: Tumepita Magu.

08:40 Ami Kombo: Lamadi. Hapa Serengeti iko pembeni kabisa, kuna geti. Tumeona pundamilia!! Wa meli mmeona nini?

08:44 Zuwena: Sie bado tuko hoteli, Bibi anakunywa uji.

10:05 Shangazi Time: Tuko Bunda. Ndoo moja ya halua imefunguka. Iko juu ya mkoba wa bibi harusi. Sitaki kuulizwa.

10:06 Rukia: Mie nipo nyuma na ninathibitisha 😭

10:08 Mama Hamad: Khanga za mkobani zimepona?

10:09 Rukia: Za juu mbili zimelowa. Nyengine salama. Zinanukia iliki tu.

10:30 Mjomba Shaame: Tumo melini. Majina yameandikwa, maboya nimeyaona, Bi Mize kiti cha katikati. Upepo mdogo.

11:15 Zuwena: Bibi anauliza maji haya mbona hayana harufu ya bahari. Mjomba kamwambia hayana chumvi. Kasema basi wanapikia wali bila kuchota kisimani, watu hawa wana bahati.

11:52 Ami Kombo: Tumefika Kisorya. Foleni. Kuna lori la ng'ombe mbele yetu.

12:20 Ami Kombo: Kivuko kimekuja. Lori limeingia. Sie tumebaki.

12:21 Hamad: Pole Ami. Kinakwenda na kurudi, si mbali. Unakiona mpaka ng'ambo.

12:23 Ami Kombo: Ndo kinachoniuma, kukiona.

13:34 Mjomba Shaame: Alhamdulillah, tumeshuka Nansio. Bi Mize hajatapika, aliyetapika ni Zuwena.

13:35 Zuwena: Mjomba!

13:50 Hamad: 📷 Picha

13:50 Hamad: Bibi yupo kwa wakwe, kashawekewa sato mzima. Mama mkwe hamwachi mkono.

13:58 Bi Mize: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:06)

13:59 Zuwena: Anauliza nyie wenye gari mko wapi.

14:02 Ami Kombo: Mwambie tumo kivukoni, Mama. Gari limeingia, sie tumesimama pembeni yake na ndoo mikononi.

14:03 Rukia: Ami, si ungepita darajani 😂

14:03 Ami Kombo: Rukia nitakutoa kwenye kikundi.

14:04 Zuwena: Ami, admini ni mimi.