Mrejesho: modeli ya VVU kwa wanandoa

Wakuu, nilileta swali la data ya THMIS 2011-12 (utafiti wa kitaifa wa VVU na malaria Tanzania): modeli ya lojistiki ya mume na ya mke, kila moja peke yake, hazikuonyesha uhusiano wa hali zao. Ushauri wa kutumia probiti ya pamoja (bivariate probit, modeli moja inayokadiria hali ya mume na ya mke kwa pamoja) umejibu, asanteni sana.

Kazi kubwa ipo kwenye kuunganisha mafaili. Faili la VVU linaingia mara mbili kwenye faili la wanandoa: kwa v001, v002, v003 za mke (namba ya eneo la sampuli, ya kaya na ya mtu ndani ya kaya), kisha mv001, mv002, mv003 za mume. Badili jina la hiv03 (jibu la kipimo cha VVU) kabla ya mzunguko wa pili. Usipobadili, Stata (programu ya takwimu) hubaki na jibu la mke bila kulalamika, na jozi zote zitaonekana zinafanana hali. Upande wa mume tumia m:1 (safu nyingi za wanandoa kwa rekodi moja ya VVU), maana mwenye wake wawili hujitokeza mara mbili.

Uzito wa sampuli ni hiv05 ya mume gawanya kwa 1,000,000, kwani kwa kawaida wanaume ndio hukosekana zaidi kwenye upimaji.

Rho (kipimo cha uhusiano kati ya milinganyo miwili ya probiti) ikiwa chanya inaonyesha hali zao zinaendana hata baada ya kuzingatia umri, elimu na makazi. Nani alimwambukiza nani, data ya mara moja haisemi. Tafadhali msiandike kwenye ripoti kwamba inasema.