Babu na bibi kwenye mechi za wajukuu: tukae wapi, na maneno yao tuyahifadhi vipi?

BibiWaMwambao:
Hamjambo wanajamvi. Wajukuu wawili, wa miaka 6 na 8, wanacheza mpira wa watano kwa watano kila Jumamosi asubuhi, na babu yao nami hatukosi. Naomba mnielekeze: tukae wapi na tufanye nini tusiwavuruge? Na yale maneno yao ya kuchekesha tuyahifadhi vipi, maana tukifika nyumbani nusu yameshasahaulika.

KochaWaChipukizi:
Shikamoo bibi. Kaeni ubavuni, usawa wa mstari wa kati, hatua tatu nje ya chaki. Nyuma ya goli hapafai: kipa wa miaka 6 akiwaona atageuka kuwapungia mkono, na goli litaingia mgongoni kwake. Kwa mechi ya saa mbili asubuhi, shikeni upande wa mashariki ili jua liwe nyuma yenu. Viti vya plastiki huzama kwenye mchanga, mguu mmoja kabla ya mwingine, na mzee anaanguka; lazeni vipande viwili vya ubao chini ya miguu.

Kwa umri huo goli huwa na upana wa kama mita 3.66 na urefu wa mita 1.83, mpira ni namba 3, na kwa kawaida hakuna kuotea. Kwa hiyo babu asimdai refa ofsaidi.

Kelele ndiyo shida kubwa. Bibi akisema "Piga!" na kocha akisema "Toa pasi!", mtoto husimama akawatazama nyote wawili, na mpira unapita. Shangilieni kilichokwisha kutendeka: "Umekaba vizuri!" Cha kufanya sasa hivi mwachieni kocha.

MwalimuWaChekechea:
Shikamoo bibi. Vichekesho vingi vya uwanjani vinazaliwa na lugha yetu ya mpira, kwa sababu mtoto wa miaka 5 au 6 hushika maana anayoijua nyumbani. Akisikia "tumefungwa tatu", anauliza nani atawafungua. "Beki kala chenga": anataka kujua huo mchele umetoka wapi. "Kapigwa kanzu" (yaani mpira umepitishwa juu ya kichwa chake): anamtazama babu. Tegeni sikio wakati wa mapumziko na dakika 10 za kwanza baada ya mechi. Ndipo wanaporudia aliyosema kocha.

Andika papo hapo kwenye kidaftari: tarehe, umri kwa miaka na miezi, kilichotokea kabla, kisha maneno yenyewe kama yalivyotoka. Akisema "lefa", andika "lefa". Ulimi ukishanyooka, neno hilo halirudi tena, na ndilo mtakalolitamani.

Usimwambie arudie mbele ya watu. Mara ya pili anaigiza, na maneno hubadilika. Tena mjibu kwanza ("tutafunguliwa Jumamosi ijayo, tukifunga sisi"), ndipo ucheke. Kicheko kikitangulia jibu, anadhani anachekwa, na siku nyingine hatauliza.

BibiWaMwambao:
Ahsanteni wanangu. Na akitoka analia kwa kufungwa?

KochaWaChipukizi:
Mpe maji, kisha chungwa lililokatwa vipande vinne, halafu mwache dakika 5 bila maswali. "Mbona hukupiga?" isisikike kabisa siku hiyo. Hapo utani wa bibi na mjukuu unafanya kazi ambayo mzazi hawezi: "Mume wangu, twende nyumbani, umechoka." Wa miaka 6 atanuna kidogo, kisha acheke. Wa miaka 8 ameshaanza kuona aibu mbele ya wenzake, kwa hiyo subiri mfike njiani.

FundiSimu_Tanga:
Kwa upande wa video: ishike simu kwa kuilaza upande, rekodi vipande vya sekunde 20 hadi 30, na usivute picha karibu kwa vidole, itakuwa na ukungu. Sauti ya mtoto aliye mbali humezwa na upepo, hivyo maneno yarekodini barazani, simu ikiwa mezani karibu naye. Na kama sura za watoto wa wengine zinaonekana, waulizeni wazazi wao kabla ya kuirusha WhatsApp.