Tupeane uzoefu: uliwezaje kupumua ukiogelea?

Mkaazi wa Tudor
Jamani, naomba tupeane uzoefu. Kuelea chali naweza, miguu napiga, mikono kocha anasema haina neno. Lakini nikilala kifudifudi nikaanza fristaili, ile ya mkono mmoja baada ya mwingine, sifiki katikati ya bwawa kifua kishanibana, nasimama. Kila nikiuliza naambiwa "pumua vizuri tu." Vizuri vipi? Ningependa zaidi kuwasikia waliojifunza ukubwani. Nyinyi wa Mji wa Kale hapa Mombasa mliotupwa majini kabla hamjajua kusoma, karibuni pia, ila msinijie na "we ingia tu, utajua."

Bi Bondeni
Mimi nimejifunza nikiwa mama wa watoto, kwenye darasa la wanawake watupu, na vazi langu la kujisitiri mpaka vifundoni. Mwalimu alinitazama nikihangaika, akaniuliza swali moja: "Mapovu yako yako wapi?" Hayakuwapo. Pumzi nikiivuta juu, naizuia chini, nikigeuza uso ndo nataka niitoe na nivute nyingine papo hapo. Ule muda wa kugeuza uso hautoshi kazi mbili. Unavuta kidogo juu ya hewa iliyokwisha kazi, na kila mzunguko mambo yanazidi.

Nilichofahamishwa baadaye ni kwamba kile kifua kubana, mara nyingi si kwamba oksijeni imekwisha. Ni kaboni dayoksaidi imejaa. Mwili unataka kutoa, wewe unasikia unataka kuvuta.

Nilizoea kwa beseni, jikoni, usiku watoto wakishalala. Uso ndani ya maji, unavumisha "mmmm" mdomo umefunga, mapovu yanatoka puani. Ukivumisha, maji hayapati njia ya kuingia puani. Kisha geuza uso ubavuni, mdomo wazi, vuta, rudi chini uvumishe tena. Mume wangu alipita akasimama mlangoni, akasoma dua kimyakimya akaenda zake kulala.

Mzee wa Mji wa Kale
Mimi ni katika hao mnaowasema. Sisi tuliogelea kichwa juu, maana maji ya bandarini lazima uone chombo kinatokea wapi. Ni kweli kichwa kikiinuka miguu huzama na shingo huuma, lakini hatukuwa tukishindana na mtu. Kuweka uso chini nimeanza uzeeni, mjukuu aliponiletea miwani.

Nina moja la kuongeza. Bwawa si lazima. Maji ya chumvi yanakubeba zaidi, kwa hiyo hata ukitoa pumzi yote huoni mwili ukienda chini vile. Kwa mwenye hofu ya kutoa hewa, bahari ya ndani ya mwamba, maji ya kifuani, ni mwalimu mzuri. Lakini ujue maji. Maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakijaa yanajaa hasa, na yakianza kupwa yanavuta. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ndiyo ya kujifunzia. Na msimu wa upepo wa kusi ukikukuta mawimbi yanapiga upande wa kulia, wewe vutia pumzi kushoto, usije ukameza Bahari ya Hindi. Sehemu za kivuko cha Likoni msijaribu kabisa, mkondo ule haujali wewe bingwa wa wapi.

Kocha wa watoto, Kisauni
Mzee kasema kweli. Kwa mwenye swali: angalia pia kichwa chako. Wengi wakitaka hewa huinua kichwa mbele, kiuno kinashuka, unaanza kupigana na maji, na pumzi inakwisha kwa ile vita. Usiinue, zungusha. Bega na kiuno vizunguke pamoja, kichwa kifuate, sikio moja likae majini. Ukifanya sawasawa, jicho moja la miwani linabaki ndani ya maji na jingine nje. Utashangaa mdomo unapata hewa chini kidogo ya usawa wa maji, kwa sababu kichwa kikienda mbele kinaacha bonde dogo pembeni yake.

Watoto wangu hupenda kumuiga Jason Dunford, Mkenya aliyefika fainali ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Beijing 2008. Nawaambia ule ni mtindo wa kipepeo, kule uso hutoka kwa mbele. Fristaili ni ubavuni.

Msomaji wa Mtwapa
Kocha, pumzi nivute kila mikono miwili au mitatu? Nimesikia mitatu ndo ya kitaalamu.

Kocha wa watoto, Kisauni
Anza na miwili. Hata waogeleaji wa masafa wengi huvuta kila miwili wakiwa mashindanoni. Mitatu ni zoezi zuri la kuzoea pande zote mbili.

Kijana wa Likoni
Mimi nawaonya kitu kimoja. Tulikuwa na mchezo wa kushindana nani atakaa chini zaidi. Rafiki yangu alihema harakaharaka kwanza "kujaza hewa", akazama, akatulia. Tukadhani anashinda. Alikuwa amezimia, maji ya kiunoni tu. Tulimtoa akapata fahamu, alhamdulillahi. Kule kuhema kunaondoa kaboni dayoksaidi, ndiyo inayokupigia kelele utoke. Kelele haiji, oksijeni inakwisha, unazimika bila taarifa. Zoezi la kutoa mapovu sawa. Kushindana kubana pumzi, hapana, na peke yako kabisa usithubutu.

Mama Changamwe
Mwenye pumu kama mimi: bwawa lenye harufu kali ya klorini, hasa la ndani, linaweza kukubana kifua hata ukiwa na mbinu zote. Ongea na daktari wako, na dawa ya kuvuta iwe ukingoni, si kwenye gari.

Mkaazi wa Tudor
Wallahi Bi Bondeni, beseni limefanya kazi. Jana nimegusa ukuta wa pili, nahema lakini nimefika. Sasa upande wa kulia tu ndo unakubali, kushoto nakunywa maji. Nani anakwenda ufuo wa Pirates Jumapili? Madafu juu yangu.

Mzee wa Mji wa Kale
Jumapili Pirates utaogelea wapi na matyubu ya kuelea yote yale? Njoo siku ya kazi, asubuhi. Madafu nayakubali.