Gombe, Mahale au tubaki Ujiji? Tunatoka Tabora, siku sita, bila kampuni

Mtoto wa Ipuli (Tabora)

Mwangaluka wakuu. Mimi na mdogo wangu wa kike tumepata siku sita mwezi wa nane. Tunataka kwenda Kigoma wenyewe, bila kampuni ya utalii, kwa vyombo wanavyopanda wananchi. Nimezaliwa Tabora, honi ya treni ya Kigoma naisikia tangu utotoni, na Ziwa Tanganyika sijaliona. Watu wanavuka bahari kuja kuwatazama sokwe wa hifadhi za Gombe na Mahale kule. Linaniuma kwamba mimi wa njiani bado.

Ninachoshindwa ni kuchagua. Gombe au Mahale? Au tuachane na hifadhi, hela yote tuimalizie mji wa kale wa Ujiji na Kigoma mjini? Na kutoka hapa, treni au basi? Naomba wanijibu waliofika.

Mwana Kibirizi (Kigoma)

Karibu sana ndugu yangu. Kwa siku sita nasema Gombe, na sababu yangu ni boti. Sokwe wapo kote kuwili.

Gombe iko kilometa 16 hivi kaskazini ya mji, na barabara haifiki, mlango wake ni maji. Boti za mbao za abiria zinazohudumia vijiji vya mwambao hadi Kagunga, mpakani na Burundi, zinatoka mwaloni (ufukweni zinakotia boti) hapa kwetu Kibirizi mchana, na njiani zinawashusha Kasekela, ndani ya hifadhi. Mtakaa na akina mama wanaorudi kuuza dagaa, katikati ya magunia ya unga na madumu ya mawese. Mtasikia Kiswahili, mara Kiha, mara Kirundi, mara Kibembe, wakati mwingine mdomoni mwa mtu mmoja. Mimi hapo ndipo naona mgeni anaanza kuijua Kigoma.

Sasa lisikilize hili vizuri: boti za kurudi zinapita alfajiri. Kwa hiyo anayepanda boti ya abiria lazima alale hifadhini, na anayetaka kuwafuata sokwe bila haraka alale siku mbili. Jumapili msipange kabisa, boti hizo hakuna.

Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni, ila njooni na vitambulisho vya taifa. Wasilianeni na TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) mapema, mpewe namba ya malipo, mlipie kwa simu au benki. Usifike Kasekela na noti mkononi ukitegemea kulipia pale.

Behewa la Pili

Kwenda, treni. Kurudi, basi. Nimefanya hivyo mara tatu.

Treni haiendi kila siku, kwa hiyo ulizia kwanza siku zake hapo stesheni Tabora, halafu ndipo uombe likizo. Chukueni daraja la pili kulala. Wanawake na wanaume hawachanganywi chumba kimoja, mdogo wako aje na shuka lake na chakula chake. Kukipambazuka mko upande wa Malagarasi na mabwawa yake, halafu Uvinza penye chumvi, kisha reli inaanza kuteremka kulifuata ziwa. Reli hiyo ilifika Kigoma 1914, na jengo la stesheni la Wajerumani lipo mpaka leo. Ukitoka mlangoni tu unaona maji. Basi haliwezi kukupa ufikaji wa namna hiyo.

Lakini siku ya kurudi mtu anataka uhakika wa kuwahi kazini. Basi linaondoka mapema, Uvinza, daraja la Kikwete, Kaliua, Urambo, nyumbani.

Nkungwe 2462

Namheshimu Mwana Kibirizi, ila Mahale isipitwe hivi hivi. Gombe ni kilometa za mraba zisizofika 60, Mahale ni 1,613. Ndani hakuna gari, ni miguu tu, na juu yako umesimama mlima Nkungwe, mita 2,462, ambao kwa Watongwe ni mahali pa kuheshimiwa tangu zamani. Watafiti wa Kijapani wako pale tangu 1965. Mwezi wa nane ni kiangazi, sokwe wanashuka sehemu za chini, na mtu anayetembea vizuri anawapata.

Hata hivyo kwa siku sita sikushauri. Sisi tulishuka Buhingu, kijiji cha jirani na Mahale, usiku, kesho yake tukaingia hifadhini, na tulipotaka kurudi upepo wa kusini ukalichafua ziwa. Boti haikutoka siku mbili. Mama mmoja kijijini akatupa chumba, ugali wa muhogo na samaki kuhe wa kuchoma, na hela akazikataa kabisa. Zile siku mbili kwake nazikumbuka kuliko ile saa moja tuliyopewa na sokwe. Lakini mwenzangu alichelewa kuripoti kazini, akaandikiwa barua. Mahale mpe siku kumi. Kama huna, isubirie.

Mzalendo wa Gungu

Si wakodi boti yao tu? Asubuhi wanaenda Gombe, jioni wanarudi.

Mwana Kibirizi (Kigoma)

Inawezekana mkiwa watu sita au nane mkachangia mafuta. Kwa wawili, kodi ya boti itazidi gharama nyingine zote za safari. Na mchana upepo ukiamka, boti ndogo inarudi kwa shida. Ulizeni maboya ya kujiokolea kabla hamjakaa. Nahodha asiye nayo muacheni, hata kama bei yake ni nzuri.

Mwalimu Mstaafu (Ujiji)

Wanangu, naona Ujiji inatajwa kama pa kwenda mtu aliyeishiwa hela. Nimefundisha watoto wa Ujiji miaka mingi, naomba niseme.

Nyinyi wa Tabora ni ndugu zetu wa njia moja. Misafara ya pembe na watumwa ilitoka hapa, ikapita kwenu Unyanyembe, ikaishia Bagamoyo. Miembe mnayoiona Tabora na hii ya Ujiji ina historia moja. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walifika hapa 1858. Stanley alimkuta Livingstone hapa 1871, wakaenda pamoja hadi Kwihara, jirani kabisa na nyumbani kwenu. Pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone msiangalie sanamu za wale wazungu wawili mkaondoka. Mwulizeni mtunzaji habari za watu waliopita wakiwa wamefungwa. Kisha ingieni mitaani. Wamanyema wa Ujiji wengi wao asili yao ni ng'ambo ya pili ya ziwa, na wamekaa na Waha na Waarabu mpaka Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani.

Daladala kutoka Mwanga, hapo Kigoma mjini, haichukui muda. Tengeni siku nzima.

Mtoto wa Ipuli (Tabora)

Shikamoo mwalimu. Kwihara nimepita mara nyingi bila kuiunganisha na Ujiji. Ahsante sana, siku hiyo tumeitenga.

Akina dada wa Kigoma, mdogo wangu ana wasiwasi kidogo. Ana miaka 22.

Dada wa Mwanga

Msalimie sana mdogo wako. Mwambie asiogope. Ujiji avae gauni refu au ajifunge kanga, awaamkie wazee, watamchukua kama mtoto wao. Waha wakiamkiana wanapiga makofi taratibu, naye apige, atafurahiwa. Gesti mchague Mwanga, mwingie kabla ya giza.

Gombe afunge mlango muda wote, nyani wanaingia na kuchukua chakula. Na akiwa na mafua aseme ukweli, hataruhusiwa kwenda kwa sokwe. Magonjwa yetu ya kifua yamewahi kuwaua. Barakoa mtavaa wote.

Behewa la Pili

Jambo moja kuhusu tarehe. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwa zima kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Ikitangazwa tena, nendeni baada ya tarehe hiyo, mle migebuka na dagaa wabichi. Tazameni na mwezi wa angani. Wakati wa giza wavuvi wanawasha taa, na ukiwa Gombe usiku unaona mstari wa taa ziwani mpaka macho yachoke. Wakati wa mbalamwezi wanapumzika.

Mtoto wa Ipuli (Tabora)

Basi tumeamua. Treni ya kwenda baada ya tarehe 15, wakati wa giza. Siku ya kufika tunalala Mwanga, inayofuata Ujiji, ya tatu mchana boti ya Gombe, ya nne sokwe, ya tano alfajiri tunarudi mjini, ya sita basi. Mahale tunaiwekea akiba. Mwana Kibirizi, mwaloni tufike saa ngapi?

Mwana Kibirizi (Kigoma)

Saa nne muwe mmeshafika. Boti inaondoka ikijaa, na wanaowahi ndio wanaokaa mbele, mbali na moshi wa injini. Pigeni chai ya maziwa na mihogo kwanza, halafu muulize boti ya Kagunga.